Zillah Yuko Nje, Sauti Yake Iko Ndani Inakula

Katika kiwanda chote cha nguo cha Harrowclough hakukuwa na msichana aliyefuma kwa kasi kama mimi. Waulizeni wote wa enzi zile.

Haya, msiwaulize. Wengi wameshakufa, na waliobaki watawaambia vitambaa vyangu vilikuwa na matundu ya kupitisha paka na mimba yake.

Lakini hili la Zillah silitii chumvi. Halihitaji. Kisa chenyewe kinanuka vya kutosha, kwa hiyo kama unasoma huku unakula, weka sahani pembeni. Usije ukasema bibi hakuonya.

Ilikuwa jioni, baridi ya kukata masikio. Rafiki yangu Zillah Clegg aligonga mlango wa kwao.

Mama yake akauliza kutoka ndani, "Nani?"

Kabla hatujajibu, tukasikia sauti ya Zillah. Ileile, na kile kicheko chake kidogo mwishoni.

"Achana nao mama, walevi hao. Nisogezee siki."

Ilitoka ndani ya nyumba.

Zillah alikuwa amesimama kando yangu, kanishika mkono, na mdomo wake umefungwa.

Sasa tulia nikueleze.

Ilikuwa miaka ile vita imeisha lakini chakula bado cha mgao. Siagi ya kijiko, nyama ya kunusa. Mimi nilikuwa binti mbichi tu, nimetoka shule ya msingi moja kwa moja hadi kwenye mashine za kufuma. Zillah alinizidi umri kidogo, mashine zake zilipakana na zangu.

Humo kiwandani hapakuwa na kusikia. Mashine zote zikianza kupiga, masikio yako yanabaki mapambo ya kutundikia hereni. Kwa hiyo tulisema kwa midomo. Unaipanua, unaikunja, unaivuta, bila kutoa sauti, na mwenzako wa upande wa pili wa ukumbi anakusoma. Tulisengenyana hivyo siku nzima. Tulitukanana hivyo. Kuna mtu aliposwa hivyo, akakataa hivyo, na ukumbi mzima ukajua.

Halafu kulikuwa na kubusu kidau.

Kidau ni kile kipande cha mti kama mtumbwi mdogo, kimebeba uzi tumboni, mashine inakirusha huku na huku kati ya nyuzi zilizotandwa. Uzi ukiisha unatia mwingine, na ncha yake lazima ipite kwenye kitundu kidogo pale ubavuni.

Unaipitishaje? Kwa mdomo, mwanangu.

Unaweka midomo kwenye kitundu, unavuta pumzi, fyuu, uzi unakujia ulimini. Unakuja na vumbi la pamba, unakuja na mafuta ya mashine, na unakuja na mate ya kila mtu aliyekishika kidau hicho kabla yako. Ungeweza kujua nani jana kala kitunguu na nani ana jino bovu. Kutwa nzima, kila baada ya muda mfupi, fyuu, fyuu.

Na wakubwa wakaliita busu! Ptuu.

Bi. Keziah Ormerod, bibi wa mashine za dirishani, hakuwa na jino hata moja la mbele. Ufizi mweusi kama soli. Na akikuazima kidau chake anakupa kwa mikono miwili na tabasamu, kama anayekukaribisha keki.

Nilikuwa nakipokea. Kazi ni kazi. Lakini nilikifuta kwanza kwenye aproni, mara tatu.

Sasa Zillah.

Zillah aliishi na mama yake, Bi. Clegg, kipofu tangu Zillah akiwa wa kunyonya. Uso wa mwanawe haujui. Kati yao wawili kulikuwa na sauti tu. "Mama, nimerudi." Basi, mlango unafunguliwa, chai inamiminwa.

Na ukweli usemwe, Zillah akirudi kazini hakuwa msemaji. Mama anauliza, "Umeshindaje?" "Salama." "Habari za huko?" "Hakuna." Anakula, anajitupa kitandani. Mdomo uliobusu kidau toka asubuhi hautaki tena kazi ya ziada. Namwelewa. Hata mimi nyumbani nilikuwa nanuna, ingawa mimi nilinuna kwa raha zangu.

Siku moja, Enoch Tattersall akamletea Zillah kidau kingine.

Enoch alikuwa fundi wa mashine zetu. Mashine ikikorofisha unamwita, anakuja akijikuna, anaipiga nyundo, anaondoka kana kwamba amefufua maiti. Mafundi wa kwetu walikuwa na sifa zao. Kuna mmoja kitanda chake kiliyumba kwa kuwa sakafu imeinama, akakata mguu mmoja wa kitanda, kikatulia. Kisha akahama nyumba na kitanda chake. Enoch alikuwa anacheka sana kisa hicho. Fundi mwenyewe alikuwa kaka yake.

Enoch mwenyewe alikuwa mgane, mke kafa. Mnene. Na alikuwa anatafuna tumbaku.

Naomba nikae hapo kwenye tumbaku kidogo, nami nimekaa nayo moyoni miaka yote hii. Kutwa shavu limevimba upande mmoja. Kona za mdomo zinavuja maji ya kahawia, yanashuka kidevuni, anayarudisha kwa ulimi. Anayarudisha! Alikuwa na ndoo yake ya kutemea kando ya nguzo, na haikuwa ikijaa haraka. Ina maana mengine alikuwa anameza.

Nimeonya tangu mwanzo.

"Chako kimechanika ubavu, tumia hiki," akamwambia Zillah kwa midomo.

Kidau kilikuwa cha mti mweusi, chepesi, laini mno. Laini kama kitu kilicholambwa miaka mingi. Zillah akakitumia siku nzima, na uzi haukukatika hata mara moja. Akafurahi. Nikamwonea wivu.

Injini ilipokaribia kuzimwa, Enoch akaja. "Hebu nikikague." Akakichukua kikiwa bado kinameremeta mate ya Zillah, akaenda nacho nyuma ya nguzo. Hatukufikiria lolote. Fundi kukagua kidau, nani atashangaa?

Tulipofika getini Zillah akafungua mdomo kuniita. Ikatoka hewa.

Akajaribu tena. Hewa.

Akaniambia kwa midomo, "Tabby, sauti haitoki."

"Baridi hiyo," nikamwambia. "Kanywe chai."

Tukaenda kwao. Na hapo ndipo tulipokutana na yale ya mlangoni.

Niliposikia ile sauti ndani, nywele zilisimama hadi kofia ikainuka. Nikapiga mlango kwa ngumi. "Bi. Clegg! Fungua! Zillah niko naye hapa nje!"

"Tabitha Haworth," akajibu mama, "si wewe uliyeniambia mwaka jana Mfalme yuko kona pale kapanga foleni ya samaki wa kukaanga? Nikavaa kofia yangu nzuri nikatoka?"

"Ndiyo mimi, lakini leo..."

"Nenda kwenu."

Na ile sauti ikaongeza, tamu kama jamu, "Nenda Tabby, nimechoka mwenzio. Tutaonana kesho."

Zillah akateleza akiuegemea mlango mpaka akakaa kwenye jiwe la kizingiti. Kwenye tundu la ufunguo ikatoka harufu ya matumbo ya ng'ombe na siki. Chakula chake yeye cha jioni, kinaliwa na yeye, na yeye yuko nje na njaa.

Nilimchukua akalala kwetu. Miguu yake baridi kama samaki, usiku kucha imeniegemea.

Asubuhi tukawahi kabla ya kazi. Bi. Clegg akafungua mlango kuchukua chupa ya maziwa, Zillah akamrukia, akaushika mkono wa mama yake akauweka shavuni mwake mwenyewe.

Ungedhani atamtambua. Mama!

Bi. Clegg alipiga yowe. "Mwizi! Mwizi wa maziwa!" Fimbo yake ya chuma ya kuchokolea makaa ikamshukia Zillah begani, tena kwa ustadi, kwa mtu asiyeona. Mlango paa!

Zillah hakulia kwa ajili ya bega.

Njiani akaniambia kwa midomo, "Mimi ni mzuka, Tabby? Nimekufa mashineni sijaambiwa?"

"Mzuka haunuki miguu," nikamwambia. "Twende kazini."

Kazini Enoch alikuwa amekwisha kurudisha kile kidau kwenye mashine ya Zillah, kimekauka, kimefutwa. Sijui nini kilinituma. Nilikichukua, nikakigusa pale kitunduni kwa ncha ya ulimi.

Tumbaku.

Nilitema. Nikafuta ulimi kwa aproni, nikatema tena, nikaenda bombani nikausugua kwa sabuni ya kufulia, nikatapika sabuni. Mpaka leo nikiona mtu anatafuna kitu na shavu limevimba, hata kama ni pipi, natoka chumbani.

Kati yetu wanawake hakuna aliyetafuna tumbaku. Ni mmoja tu humo.

Jioni tulizunguka nyuma ya nyumba ya kina Clegg, tukapanda juu ya sanduku la makaa, tukachungulia penye pazia lisilotosha dirisha.

We acha tu.

Enoch Tattersall alikuwa amekaa kwenye kiti cha Zillah. Kavua koti. Mbele yake bakuli la matumbo meupe yanayotetemeka, anayavuta mdomoni kama tambi, sluu, siki inamwagika kifuani. Lile donge la tumbaku kaliweka kando ya sahani, kwenye kitambaa cha meza, kwa ajili ya baadaye. Na kila akimeza, mdomo ule, wenye ile michirizi ya kahawia, unafunguka, na inatoka sauti ya Zillah.

"Basi mama, meneja akakalia mafuta, na suruali yake nyeupe. Akatembea ukumbi mzima watu wanamwonyesha kwa midomo, yeye anadhani wanamsalimu!"

Bi. Clegg anacheka mpaka anajifuta machozi.

Akanyoosha mkono kumshika mwanawe shavu. Enoch akakwepa kama anayekwepa nyuki, akacheka kisichana, "Hi hi, nina mafuta mikononi mama, usinishike."

"Tangu jana una maneno, mwanangu," akasema Bi. Clegg. "Zamani nilikuwa naishi na ukuta."

Nikageuka kumtazama Zillah. Machozi yalikuwa yanamtiririka, mdomo wazi, na hakuna kinachotoka.

Nikaokota kipande cha makaa nivunje dirisha. Zillah akanishika mkono.

"Nikiingia sasa," akasema kwa midomo, "nitamwambia nini mama? Haoni midomo."

Na kweli. Sisi kiwanda kizima tulikuwa tunasemezana bila sauti, ni lugha yetu, lakini kwa kipofu ile ni ukuta mtupu.

Kesho yake mimi na Zillah tukamwendea Bi. Ormerod, maana alikuwa na umri wa kiwanda. Nikamweleza yote kwa midomo, katikati ya makelele. Akakitazama kidau cheusi, hakukigusa.

"Hiki bibi yangu alikisimulia," akasema, na midomo yake bila meno inabidi uisome kwa huruma. "Cha mfumaji mmoja wa kule juu, wakati watu wanafuma majumbani. Injini zilipokuja, wafumaji wa mkono wakafa njaa, na alipoona hakuna anayesikia kilio chake, akachonga hiki. Anayebusu anachukua sauti zote za aliyebusu kabla yake, mate yakiwa mabichi. Yakikauka, hola."

"Na dawa?"

"Ni ileile. Abusu yeye, kisha mwenye sauti yake abusu nyuma yake, hapohapo."

Tukageuka sote watatu kumtazama Enoch. Alikuwa ameinama kwenye ndoo. Ule uzi wa mate ya kahawia ulikuwa umening'inia kutoka mdomoni, mrefu, haukatiki, na yeye anaungoja kwa subira.

Zillah akasema, "Bora niwe bubu."

"Basi mama yako abaki na huyo," akasema Bi. Ormerod. "Wiki ijayo atamkata kucha."

Zillah akafumba macho. Akatikisa kichwa kukubali.

Sasa, mtu keshapata anachotaka, utamfanyaje abusu tena? Hapo ndipo kichwa changu kibovu kilipofanya kazi.

Enoch alikuwa na tabia. Alikuwa anasikiliza kwa macho. Kila mahali wanawake wanaposemezana, yeye kasimama mbali anajifanya anapaka mashine mafuta, macho yako kwenye midomo yetu. Ndivyo alivyopata habari za kumpelekea Bi. Clegg. Habari zetu!

Nikasubiri ainame na kopo lake la mafuta. Nikamwita Bi. Ormerod ng'ambo ya ukumbi, nikapanua mdomo kama ninayemwita ng'ombe.

"Bibi yangu kaletewa paja zima la nguruwe kutoka Kanada!"

"Zima?" akasema Bi. Ormerod.

"Zima, la kukaushwa, na mafuta yake. Na siagi, na sukari ya kahawia. Na haoni hata mkono wake mwenyewe, masikini. Ananitambua kwa sauti tu."

Bi. Ormerod akaonyesha kwa mikono paja lenye ukubwa wa mtoto anayeanza shule. Nilitaka kumpiga. Lakini upande wa kule, shavu la Enoch lilikuwa limeacha kutafuna.

Kidau cheusi tulishakihamishia kwenye mashine yangu. Nikatia uzi mpya, nikakileta mdomoni, nikajifanya nabusu. Mdomo wangu haukukigusa, ng'o. Uzi niliuvuta kwa waya niliouficha kiganjani. Na ili kionekane kibichi, nilishakipaka ile gundi ya kukazia nyuzi, unga na mafuta ya ng'ombe, iliyochacha kwenye ndoo tangu wiki iliyopita, ina ngozi juu na kitu kinatembea chini ya ngozi.

Nikakiweka juu ya mashine.

Enoch akafika mbio, mnene vile. "Hebu nikague hicho," akasema kwa midomo. "Nakisikia kinagonga vibaya."

Anakisikia! Humo, ambamo hata bomu lingeanguka tungejua kwa moshi.

Akakimbilia nyuma ya nguzo. Akakikumbatia kwa midomo yote miwili, akavuta kwa pumzi ya mtu aliyeona paja zima.

Macho yakamtoka. Mashavu yakajaa. Gundi iliyochacha ilimwingia hadi kwenye roho.

Na Zillah akainuka kutoka kwenye kapu la pamba chakavu alimokuwa amejificha, akampokonya kidau kutoka midomoni. Kutoka midomoni kabisa. Ute wa kahawia ukafuata, ukanyooka kati ya kidau na kidevu cha Enoch kama uzi unaotaka kufumwa.

Akafumba macho. Akabusu.

Nimeona kuzaliwa, nimeona vifo, nimemuogesha mume wangu mwezi mzima wa mwisho wake. Sijaona jambo la kinyaa kama lile, wala la ujasiri kama lile. Alivuta mpaka shingo ikatoa mishipa. Kisha akakimbilia ndoo ileile ya Enoch, hapakuwa na nyingine, akatapika kila alichowahi kula tangu abatizwe.

Akanyanyua uso. Akafungua mdomo. Niliona anapiga kelele, lakini humo ndani nani angesikia?

Tukangoja injini izimwe kwa chakula cha mchana. Mashine zikafa moja moja. Ukimya ukashuka. Na katikati ya ukimya ule ikasikika sauti ya Zillah, safi:

"Mimi ni Zillah Clegg, na huyu mbwa alikuwa anakula chakula changu!"

Halafu, kutoka mdomo uleule wa msichana mwembamba, ikatoka sauti nzito ya mwanamume yenye makohozi:

"Na hii ni ya kwake. Imekuja yote. Uwii, inawasha."

Ukumbi ukalipuka. Wanawake walimzunguka Enoch na mafagio. Alifungua mdomo kujitetea, ikatoka hewa. Ikabidi akiri kwa midomo, na sisi ikabidi tuitazame midomo ile, ndiyo adhabu tuliyoipata sote. Kidau kilikuwa cha mama wa bibi yake, alikikuta juu ya dari. Tangu mke wake afe hakuna anayempikia. Alikuwa akipita kwa kina Clegg kila jioni, anasikia harufu.

"Kwa ajili ya matumbo ya ng'ombe?" nikamuuliza.

"Na siki," akasema.

Kidau tulikitupa kwenye tanuri la injini. Moshi uliotoka ulinuka mdomo wa asubuhi, mji mzima ukafunga madirisha. Kwa hiyo Enoch hakupata tena sauti yake. Na mnajua nini? Aliendelea na kazi humohumo mpaka alipostaafu, na meneja hakuwahi kugundua. Alimpandisha cheo. Alisema yule ni mtu mtulivu.

Najua mnapenda somo, na bibi asipotoa somo mnasema kazeeka. Haya. Ukirudi nyumbani, sema. Hata kama umechoka, hata kama huna habari, tunga. Mwambie mama yako paka kazaa kwenye kofia ya meneja. Kimya chako ni kiti kitupu mezani, na yuko mtu anakitazama kupitia dirishani, na huyo hana hata haya ya kufuta mdomo.

Lakini bado jioni ile. Tulimkokota Enoch mpaka kwa Bi. Clegg akaombe radhi, hata kama ni kwa kupiga magoti.

"Mama, nimerudi," akasema Zillah mlangoni.

Mlango ukafunguliwa. "Karibu mwanangu. Mbona sauti inatetemeka?"

Tukamkalisha. Tukamweleza kwamba jioni zile mbili aliyekaa mezani hakuwa Zillah. Alikuwa mwanamume mmoja wa kiwandani, kaiba sauti. Jina hatukulitaja, tulitaka kumtoa taratibu.

Bi. Clegg akashika kifua. "Mwanamume? Humu ndani? Mezani kwangu?"

"Ndiyo mama."

"Nimempa matumbo mwanamume nisiyemjua! Na nikampiga mwanangu mwenyewe kwa chuma!" Akalia. Alilia vizuri sana, hata Bi. Ormerod akatoa leso. "Mimi kipofu, ningejuaje? Nimesikia sauti ya mwanangu, nikajua mwanangu. Hata kidole chake sijakigusa, naapa kwa Biblia ile pale. Ningejua ningemmwagia chai ya moto!"

Zillah akampigia magoti, akamkumbatia. Kisha akataka kukaa kwenye kiti chake, akakuta kitu. Soksi ya sufu ya kijivu, nzito, sindano za kufumia bado zimo, imefika kwenye kisigino.

"Hii nini, mama?"

"Soksi. Yako, kipenzi. Baridi ndiyo hii."

Zillah akaipima mguuni. Mguu wake ulipotelea humo kama panya ndani ya gunia.

"Labda nimekosea vitanzi," akasema Bi. Clegg upesi. "Macho yenyewe ndiyo haya."

Zillah alikuwa anamtazama Enoch, aliyekuwa mlangoni, kimya chake kile kipya, anatazama sakafu. Akanyoosha kidole kwenye miguu ya Enoch. Enoch akavua kiatu kimoja cha mbao polepole, kikaanguka sakafuni, ko. Ndani yake, soksi ya kijivu, sufu ileile, imekamilika, imemkaa barabara.

Bi. Clegg akageuza sikio upande wa mlango.

"Enoch," akasema kwa ukali, "nilikuambia usiivae mpaka nimalize ya pili!"